Bodisuti au gauni? Kwa madada wanaopanda jukwaani huku Nyanda za Juu Kusini

Kama una shoo inakuja na hela uliyonayo inatosha nguo moja tu, usianze kuuliza ipi inapendeza zaidi, anza kujiuliza pale juu utakuwa unafanya nini. Utacheza mwanzo mwisho? Utasimama na maiki? Utashuka chini kwa watu? Majibu ya hayo ndo yanachagua nguo, urembo unafuata baadae. Mi nashona nguo za shoo hapa Mbeya, za madansa, waimbaji wa bongo fleva, wanakwaya na wasichana wanaoanza kabisa, na wengi wanakuja na picha mbili kwenye simu, moja bodisuti, ile nguo ya kipande kimoja inayobana kiwiliwili na kupita katikati ya miguu, ya kumetameta kama anazovaa Beyoncé, nyingine gauni refu la kuburuza, swali linakuwa lilelile, dada nishonee ipi. Na mara nyingi pembeni ya binti kuna mama yake kasimama, anaiangalia ile picha ya kwanza anauliza, hivi hii si chupi yenye mikono, mwanangu ndo apande nayo mbele za watu?

Mama ana haki ya kuuliza. Namjibu kwa heshima zote kwamba ile nguo ilianza kama nguo ya kazi, na ukiijua kazi yake utajua lini binti yako anaihitaji na lini haihitaji kabisa.

Imetokea wapi

Haikuanza kwa waimbaji na wala haikuanza kwa wanawake. Aliyeitangaza ni mwanaume, Jules Léotard, Mfaransa wa sarakasi aliyekuwa anaruka kutoka bembea moja kwenda nyingine juu ya vichwa vya watu kule Paris mwaka 1859. Mtu anayejirusha hewani hawezi kuvaa shati linalopepea, likinasa kwenye kamba tu kaisha. Kwahiyo alivaa kitu kilichombana mwili mzima, mikono huru, miguu huru. Wacheza balei na wanamichezo wakaichukua, ila vitambaa vya enzi hizo vilikuwa vya kufuma, ukivaa muda mrefu vinalegea magotini na makalioni. Mwaka 1958 mkemia anaitwa Joseph Shivers, wa kampuni ya DuPont ya Marekani, akatengeneza uzi wa spandeksi, huu ambao wengi tunauita likra, unauvuta unaenda, ukiuachia unarudi ulivyokuwa. Hapo ndo nguo ya kubana ikawa kitu cha kutegemewa.

Na wanaume hawakuacha kuivaa. Freddie Mercury wa Queen, mzaliwa wa Zanzibar yule, miaka ya 1970 alikuwa anapanda jukwaani na nguo ya kubana kuanzia kifuani mpaka miguuni. Michael Jackson kwenye ziara yake ya dunia iliyoanza mwaka 1992 alivaa bodisuti ya dhahabu juu ya suruali nyeusi, na hiyo namna ya kuivaa naomba uikumbuke maana ntairudia huko mbele, kwa huku kwetu ina faida kubwa kuliko zote.

Kwa nini waimbaji wa kike wakubwa wanaipenda

Ya kwanza ni kuonekana kwa dansi. Kwenye uwanja mkubwa mtu aliyekaa nyuma anakuona mdogo kama kidole, ukivaa nguo pana anaona kitambaa kinatikisika, haoni goti lilipanda wapi wala kiuno kilikata vipi. Angalia ile video ya Beyoncé ya mwaka 2008, Single Ladies, yeye na madansa wawili, leotadi nyeusi, yaani bodisuti hiyohiyo, nyuma hakuna kitu chochote, ukuta mtupu, na kila hatua unaisoma. Wangevaa magauni ile dansi isingekuwepo. Afu vile vimetameta vinavyoshonwa juu vina kazi pia, vinashika taa na kuirudisha, kwahiyo hata wa mwisho kabisa anajua mwimbaji yuko wapi kati ya madansa kumi na tano.

Ya pili nguo haiendi popote. Haipandi, haishuki, haina mkanda wa kuteleza begani wala sketi ya kushikwa na upepo. Mchezaji yeyote wa ngoma huku kwetu anaielewa hii bila kuelezwa, ndo maana mama zetu kabla ya kuingia uwanjani wanajifunga kibwebwe, kanga inakazwa kiunoni ili akili ibaki kwenye ngoma isibaki kwenye nguo. Mwaka 2004 Janet Jackson alikuwa anaimba katikati ya fainali ya mpira wa Kimarekani, kipande cha nguo yake ya juu kikang'olewa na kifua kikabaki wazi mbele ya mamilioni, na nguo aliyovaa ilikuwa ya vipande vilivyoshikizwa. Kila kipande unachokiongeza kwenye nguo ya shoo ni kipande kinachoweza kutoka.

Ya tatu, kubadilisha. Ukiwa na bodisuti ndani unaweza kuweka koti juu, ukaja kulivua, ukafunga sketi, ukaitoa, ukaendelea, na muda wote kile cha chini kipo hakijaguswa. Nyuma ya jukwaa mtu anapewa sekunde chache tu, na wenzetu wana watu wamesimama na nguo mkononi.

Kuna ya nne ambayo siwezi kuiruka maana inaniuma. Biashara ya muziki inauza mwili wa mwanamke. Angalia shoo nyingi, mwimbaji wa kiume anacheza hatua zilezile na suruali, shati na jaketi, hakuna anayemwambia apunguze, lakini binti anaambiwa na meneja bila miguu hutauza. Hiyo siyo sababu ya kazi na mi huwa nawaambia waziwazi, kama mtu pekee anayeitaka hiyo bodisuti ni meneja wako na wewe ukiivaa unajisikia vibaya, usiivae, utaimba huku unajivuta nguo na watu wataona. Dansi nzuri inataka nguo isiyokusumbua, na kuna njia nyingi za kuipata bila kuacha mapaja wazi.

Tuziweke sasa pembeni kwa pembeni

Kwa kucheza nimeshasema, bodisuti inashinda na haishindi kidogo. Gauni refu linakupa hatua moja na nusu, ukitaka kurusha mguu unalishika kwa mkono mmoja, maiki mkono mwingine, umebaki na nini cha kuchezea? Gauni fupi ni habari nyingine. Tina Turner alicheza maisha yake yote na vigauni vifupi na viatu virefu, mpaka ile ziara yake ya mwisho ya mwaka 2008 na 2009 akiwa anakaribia miaka 70, na miguu ilikuwa huru kabisa. Kwahiyo asikudanganye mtu kwamba gauni halichezeki. Linachezeka, ila linataka uwe umefanya mazoezi nalo lenyewe, lilelile utakalovaa, sio unafanya mazoezi na taiti afu siku ya shoo ndo unakutana na gauni.

Sasa hapa ndo pana jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Majukwaa yetu yapo juu na watu wapo chini. Nenda uwanja wa Sokoine hapa Mbeya, nenda Samora Iringa, nenda zile shoo za barabarani za kampuni za simu ambapo jukwaa ni lori limefunguliwa ubavu, mtu wa mbele kichwa chake kipo usawa wa viatu vyako na simu kaishika juu anarekodi. Ukivaa gauni fupi au sketi fupi, anachorekodi yule ni ndani. Ukivaa bodisuti hakuna ndani, kilichopo ndo hicho hicho, kimeshonwa mara mbili, kina bitana, na chini yake kuna taiti. Kwahiyo ile nguo ambayo mama aliiona ya uchi, kwenye jukwaa la kwetu inasitiri kuliko kigauni ambacho mama angekikubali bila maneno. Nimewaonyesha akina mama wengi hili kwa kumsimamisha binti juu ya meza ya kukatia, mama anakaa kwenye kigoda, binti anazunguka mara moja na sketi, mama mwenyewe anasema basi basi mwanangu shuka. Kama umeamua gauni fupi, basi vaa pensi ya kubana ndani yenye rangi ileile ya gauni, isiwe nyeusi chini ya gauni jekundu, na ishonwe pamoja na gauni isiwe kitu cha pembeni kinachojikunja.

Kwenye pumzi mambo yanakaribiana, na hapa kosa linakuwa la kitambaa kuliko aina ya nguo. Mwimbaji anavuta hewa kwa tumbo na mbavu, mbavu zinatanuka. Likra inatanuka nazo. Gauni la satini lililobanwa kwa zipu mgongoni halitanuki, na wasichana wanaipenda ibane kabisa ili kiuno kionekane, matokeo yake wimbo wa pili sauti inakatika. Lakini kuna bodisuti zenye vyuma na kamba kama koseti, zile Madonna alizozifanya maarufu mwaka 1990 alipovaa kazi za Jean Paul Gaultier, nazo zinabana mbavu vilevile. Mbeya mjini tupo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, wasanii wanaokuja kutoka Dar wanahema kabla ya robo saa, na Njombe ni juu zaidi. Kwahiyo jaribu nguo yako kwa kuimba. Ivae, imba wimbo mzima unaruka, ukishindwa kumaliza mstari mrefu mwambie fundi aachie ubavuni.

Baridi sasa. Hapa gauni na bodisuti za picha za kwenye simu zote zinafeli kwa sababu zimeshonwa kwa ajili ya kumbi zenye joto au kiangazi cha wenzetu. Juni, Julai, mpaka Agosti usiku wa Mbeya, Mafinga, Njombe, usiuulizie Makete, mtu anavaa masweta mawili kukaa tu. Bodisuti ya mikono mifupi na miguu wazi ukiwa unacheza utapata joto, sawa, shida ni kabla na baada. Unasubiri nyuma ya jukwaa nusu saa maana ratiba zetu mnazijua, misuli inapoa, unapanda unarusha mguu, paja linashtuka. Ukimaliza umeloa jasho, likra imeloa, upepo unakupiga, unatetemeka mpaka meno. Gauni refu la kitambaa kizito linakulinda vizuri zaidi hapo, hilo nalikubali. Ila dawa ipo, bodisuti ya mikono mirefu na shingo ya juu, taiti nzito chini, afu koti kubwa au kitenge kizito kishikwe na mtu wako umwambie asisogee. Upashe mwili moto kwanza, ruka hapohapo ulipo mpaka utokwe jasho kidogo ndo upande.

Mvua ya Machi na Aprili ni upande wa likra moja kwa moja. Haishiki maji mengi na inakauka haraka. Kitenge cha pamba kikiloa kinakuwa kizito, kinaning'inia, na gauni la kuburuza kwenye tope la uwanja wa shule sina haja ya kulielezea. Vumbi la Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Uyole, linakaa kwenye kila kitu, ila kwenye nyeusi ya kubana linaonekana zaidi, shoo za mchana Agosti chukua rangi ya udongo, kijani iliyokolea au yenye maua.

Watu na sheria. Tusijifanye hatuko Mbeya. Mji umejaa makanisa, Wamoravian, Walutheri, Wapentekoste, na waimbaji wetu wengi wametokea kwaya, Jumamosi una shoo na Jumapili unakaa benchi moja na wale waliokuona. Na mamlaka zipo. Januari 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliisimamisha Wasafi TV kwa kurusha shoo ya mwaka mpya ambayo mwimbaji wa kike alionekana na vazi lililohesabiwa kwamba linaacha mwili wazi, na BASATA, baraza la sanaa, ikamfungia msanii mwenyewe miezi sita. Kwahiyo ukichagua bodisuti, vile vipande vya wavu vinavyoonyesha ngozi vifikirie mara mbili, na shoo ikiwa inarushwa kwenye runinga muulize mwandaaji mapema wamekubaliana nini. Kwenye hili gauni refu halina presha yoyote, unapanda nalo kokote, harusini, kanisani, kwenye mkutano wa mkuu wa mkoa, hakuna atakayekuuliza.

Choo na maiki nazipitia haraka. Bodisuti isiyo na vifungo vya kubana chini ni adhabu, kila ukienda chooni unavua yote mpaka begani, kwenye vyoo vya viwanjani tena, mwambie fundi aweke vile vifungo na aviwekee kitambaa ndani visikuchubue. Kiboksi cha maiki au cha vile vidude vya masikioni kinataka mfuko, kwenye gauni kinavuta kitambaa na kuning'inia, kwenye bodisuti unashona kimfuko kidogo mgongoni kinakaa kimya. Kama unatumia maiki ya mkononi sahau hii.

Jampsuti, na ile ya vipande viwili

Topu na sketi, au topu na pensi, ndo wasichana wengi wanaanzia kwa sababu vipo tayari kabatini. Uzuri wake ukichafua kipande kimoja kingine kipo. Ubaya wake ni tumbo, ukinyanyua mikono topu inapanda, ukiinama sketi inashuka, na utatumia wimbo mzima kuzirudisha sehemu zake. Madansa wa bendi za dansi wamehangaika na hili miaka mingi. Kama lazima, shona topu iwe bodisuti, yaani ifungwe chini, sketi ikae juu yake. Tayari umetatua.

Jampsuti mi naipenda sana kwa huku na nashangaa haiombwi vya kutosha. Miguu imefunikwa, mikono imefunikwa, mistari ya mwili inaonekana, sheria haina neno, baridi imepungua, na ikiwa ya likra inacheza sawasawa na bodisuti. Ubaya wake ni choo, na fundi asipopima urefu wa kiwiliwili vizuri inakuvuta kwenye mapaja kila ukichuchumaa. Kwa singeli, ile kasi, jampsuti na raba, sioni mshindani.

Kama unataka kuona zote zikifanya kazi kwenye shoo moja, tafuta vipande vya ziara ya Taylor Swift ya 2023 na 2024. Shoo zake zilizidi saa tatu na kila sehemu ina nguo yake. Anapotembea na kucheza na madansa mwanzoni yuko kwenye bodisuti ya Versace yenye kumeta na buti. Inakuja sehemu amesimama anaimba, anavaa gauni pana la kifalme. Kuna sehemu ya nyimbo za hasira anavaa ya kubana mwili mzima yenye mguu mmoja mrefu, na kuna sehemu topu na sketi. Yeye ana hela ya zote na watu wa kumvalisha, lakini angalia mpangilio, mwili ukisimama linakuja gauni, mwili ukikimbia inakuja ya kubana. Huo mpangilio hauhitaji hela.

Kwa mfano hata hapahapa nyumbani, Khadija Kopa na malkia wengine wa taarabu hawajawahi kuhitaji bodisuti. Taarabu inaimbwa kwa sauti, mkono na jicho, watu wanapanda kutuza, wanakuja karibu mpaka usoni, gauni zuri lenye nakshi linaonekana kwa karibu kuliko kwa mbali. Mtu wa taarabu akija kwangu na picha ya leotadi namwambia mama, hela yako weka kwenye kitambaa cha gauni.

Mambo ya fundi, haya usiyaache

Likra siyo kitenge. Sindano ya kawaida inatoboa uzi wa spandeksi na unakatika, nguo inaanza kutoboka kando ya mshono baada ya kufuliwa mara chache. Inatakiwa sindano ya jezi, ile ya ncha ya mviringo, na mshono wa zigzagi au overloki. Mshono ulionyooka ukiuvuta unakatika, na utakatika pale ulipochuchumaa. Kabla hujampa fundi kazi mwambie ashone kipande kidogo, kivute kwa nguvu zako zote, ukisikia tiki tiki tafuta fundi mwingine, na simsemi mtu vibaya, kuna mafundi wazuri sana wa suti na magauni ambao likra hawajawahi kuigusa.

Kitambaa nacho kivute pande zote mbili, urefu na upana. Kinachovutika upana tu kitakubana kuanzia begani mpaka katikati ya miguu. Kivute afu weka tochi ya simu nyuma yake, ukiona mwanga unapita kama dirishani ujue kamera zenye mwanga zitaona yote, weka bitana. Na kipimo ambacho kwenye gauni hakipimwi lakini kwenye bodisuti ndo roho yake ni ule mzunguko kutoka begani, kupita mbele katikati ya miguu, kurudi nyuma mpaka begani palepale. Wawili wenye kifua, kiuno na nyonga sawa wanaweza kutofautiana sana hapo. Usipopimwa huo, hiyo bodisuti utaivuta usiku kucha. Gauni kwenye upande huu ni rafiki zaidi, fundi yeyote wa mtaani anakushonea, likikosea linaachiwa au linabanwa.

Rangi ya ngozi. Zile stokingi na vipande vya wavu vinavyouzwa kama rangi ya mwili, mwili wenyewe ni wa Mzungu, ukivaa wewe miguu inaonekana kama imefungwa bandeji. Kundi la Dance Theatre of Harlem la New York lilianza mwaka 1974 kuvalisha wachezaji wake stokingi na viatu vinavyofanana na ngozi ya kila mmoja, wakavipaka rangi wenyewe. Na sisi tunaweza, nailoni inashika rangi ya majani ya chai, na chai Rungwe tunayo ya kumwaga. Chemsha iwe kali, jaribu kwanza kwa kipande kidogo, acha muda, suuza, ukitaka iliyokolea zaidi rudia. Utapata rangi yako wewe, sio ya kwenye pakiti.

Mitumba ya Mwanjelwa ina bodisuti nzuri, nyingine zilikuwa za wanamichezo na zimeshonwa kwa kiwango ambacho huku huwezi kukipata kirahisi. Angalia kwapani na katikati ya miguu, ndo zinapochokea. Kama likra imeanza kutoa vile viuzi vyeupe vidogo imeshakufa, usiinunue hata ikiwa bei ya bure.

Ningekuwa mimi ndo nachagua

Unacheza nusu ya shoo au zaidi, chukua bodisuti, na kama ni ya kwanza naomba iwe nyeusi, mikono mirefu, mgongo umefunikwa, vifungo chini. Nyeusi haionyeshi jasho kama kijivu inavyoonyesha, na inakubali kitu chochote juu yake. Juu yake, kwa shoo za huku kwetu, vaa suruali ya kiuno cha juu, ile namna ya Michael Jackson uigeuze, bodisuti ndani suruali nje, au uifanye kama yeye mwenyewe, juu ya taiti nyeusi nzito. Mama anaridhika, baridi inapungua, simu za mbele hazina cha kurekodi, na dansi yako yote inaonekana.

Unaimba umesimama, injili, taarabu, nyimbo za taratibu, harusi, chukua gauni, lakini liwe na mpasuo au upana wa kukuwezesha kupanda ngazi za jukwaa bila kushikwa mkono, na urefu wake upimwe ukiwa umevaa viatu vya siku hiyo.

Unafanya vyote viwili na hela ni ya nguo moja, hii ndo naishonea kwa moyo wote. Bodisuti nyeusi, pensi ya kubana au taiti, halafu sketi ndefu ya kitenge ya kufunga, inafungwa kwa kifungo kimoja kikubwa na velikro, ule utepe wa kunatana, kiunoni. Nyimbo mbili za kwanza unaimba nayo ukiwa umesimama, kitenge kinaonekana, wanakijua, wanakipigia makofi. Ngoma ikibadilika unaifungua kwa mkono mmoja unampa dansa wako, unaingia kazini. Velikro iwe pana, vidole vitatu, na ujaribu kuifungua ukiwa na mikono yenye jasho, maana nyumbani mikono inakuwa mikavu na kila kitu kinafunguka. Mazoezi yake fanya na muziki, ili ujue unafungua kwenye pigo gani.

Mtu wa Njombe au Makete aongeze bitana ya flana kwenye ile sketi na aje kupimwa akiwa amevaa hiyo taiti nzito, asije na nyepesi, kipimo kinabadilika.